Tosti ya mayai ya asubuhi: maswali na majibu kuhusu yai bichi, sukari na mafuta

Tosti ya mayai, ambayo wengine huiita tosti ya Kifaransa, ni slesi za mkate zilizolowekwa kwenye mayai na maziwa kisha zikakaangwa. Wanaoulizia afya yake karibu wote huanza na lehemu (kolesteroli) iliyomo kwenye yai. Hilo tutalijibu, lakini si mahali pa kuanzia. Tosti hii hukosewa zaidi sehemu mbili: katikati ya slesi, ambapo yai hubaki bichi wakati nje pameshakuwa na rangi nzuri, na juu ya sahani, ambapo shira humiminwa bila kipimo.

Vipimo vya watu wawili ni vipi?

Slesi 4 za mkate zenye unene wa sentimita 2 hivi, mayai makubwa 2, maziwa mililita 120 (nusu kikombe), mdalasini nusu kijiko cha chai, vanila nusu kijiko cha chai ukipenda, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na vijiko 2 vya chai vya mafuta ya kupikia. Ukitumia slesi nyembamba za mkate wa kawaida, mchanganyiko huo hutosha slesi 5 au 6.

Sukari haimo, na haikusahaulika. Sukari iliyoingia kwenye mchanganyiko huungua kikaangoni kabla joto halijafika katikati ya mkate, na mpishi akiona weusi huipua tosti ambayo ndani bado ni mbichi.

Piga mayai peke yake kwanza hadi usione tena nyuzi za ute. Ukiyatia maziwa mapema, ute huteleza na hauchanganyiki vizuri, halafu hujibandika juu ya mkate kama madoa meupe. Mdalasini nao utie kwenye yai kabla ya maziwa, kwa sababu ukiutia mwishoni huelea juu na slesi ya kwanza huondoka nao wote.

Pasha kikaango kwa moto wa wastani dakika 2 hadi 3. Tone la maji likidondoka linapaswa kuchemka na kukauka, si kurukaruka kwa fujo. Slesi nene iloweke sekunde 30 hadi 40 kila upande. Nyembamba sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Inyanyue, iache ichuruzike, ndipo uiweke kwenye mafuta. Slesi nene huhitaji dakika 3 hadi 4 kila upande, nyembamba dakika 2 hadi 3.

Nitajuaje kwamba yai limeiva katikati?

Njia ya uhakika ni kipimajoto cha chakula: ncha yake ikiwa katikati ya slesi isome angalau nyuzi joto 71 za Selsiasi. Kama huna, bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko. Tosti iliyoiva hubonyea kisha hurudi juu, na hakuna majimaji yanayotoka pembeni. Slesi ya kwanza ikate katikati uitazame. Ndani panaweza kuwa laini na penye unyevu, na hivyo ndivyo wengi wanavyoipenda, lakini pasiwe na kitu kinachoteleza au kung'aa kama yai bichi.

Maziwa yana mchango wake hapa. Protini za yai peke yake huanza kuganda zikivuka nyuzi 60 hivi, lakini zikizimuliwa kwa maziwa huhitaji joto zaidi ili zishikane. Kwa hiyo anayeongeza maziwa ili tosti iwe laini lazima aongeze na muda wa kupika, huku akipunguza moto. Slesi inayozidi sentimita 3 ni vigumu kuiva kikaangoni peke yake. Ipe rangi pande zote mbili, kisha uimalizie kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Asiye na oveni afunike kikaango kwa mfuniko na kuteremsha moto kwa dakika chache.

Yai likiwa halina ufa wala uchafu, bado lina hatari?

Ndiyo. Bakteria wa salmonela anaweza kuwa ndani ya yai hata kama ganda ni zima na safi, kwa kuwa kuku mwenye maambukizi anaweza kuliambukiza yai kabla ganda halijajengeka. Ganda lenye ufa ni hatari zaidi. Yai hilo litupe. Kuosha mayai kwa maji ya baridi kabla ya kuyatumia hakusaidii, na kunaweza kuvuta vijidudu viingie kupitia vitundu vidogo vya ganda.

Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kula: kuhara, homa, maumivu ya tumbo. Wengi hupona ndani ya siku 4 hadi 7 kwa kunywa maji ya kutosha. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa zaidi ya miaka 65 na wenye kinga dhaifu wanaweza kuugua vibaya. Choo chenye damu, homa inayozidi nyuzi 39, kuhara kwa zaidi ya siku 3, au mdomo kukauka na mkojo kuwa haba ni sababu za kwenda hospitali bila kungoja.

Kosa lisiloonekana ni la vyombo. Uma uliotumika kutoa mkate kwenye mayai mabichi ndio huohuo unaotumika kupakua tosti iliyoiva, au tosti hurudishwa kwenye sahani ileile iliyolowekewa. Tenga uma wa mayai mabichi, tumia mwiko bapa kugeuzia na kupakulia, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza kuvunja mayai.

Kwa nini yangu huungua nje huku ndani ikiwa mbichi, au hulegea kama uji?

Kuungua nje kwa kawaida husababishwa na moto mkali, sukari kwenye mchanganyiko, au siagi. Siagi ina chembe za maziwa ambazo huungua mapema na kuacha weusi na uchungu. Kaangia mafuta, na kama unataka ladha ya siagi, tia kipande kidogo dakika ya mwisho. Futa kikaango kwa karatasi ya jikoni kati ya awamu moja na nyingine, maana makombo ya awamu ya kwanza huwa makaa kwenye ya pili. Isitoshe, mkate uliokaangwa hadi kuwa kahawia nzito hutengeneza akrilamidi nyingi zaidi, kemikali inayojitokeza vyakula vya wanga vinapopikwa kwa joto linalozidi nyuzi 120. Lenga rangi ya dhahabu.

Kulegea hutokana na mkate mbichi, yaani uliookwa siku hiyohiyo. Ndani yake mna unyevu tele, hauna nafasi ya kunywa mayai, na unachokunywa huubomoa. Mkate wa jana au juzi ndio unaofaa. Kama huna, panga slesi kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 10, ukizigeuza katikati ya muda, zikauke bila kubadilika rangi. Friji, ambayo huharibu mkate wa kula hivihivi kwa kuufanya ukakamae upesi, hapa inakufanyia kazi.

Mkate mkavu una ukungu kwenye kona tu. Nikate hapo nitumie uliobaki?

Hapana. Mkate una matundu, na nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko doa unaloliona. Moto wa kikaango huua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya sumu zake hustahimili joto. Tupa wote, na usiunuse kwa karibu kuuhakikisha.

Ina kalori ngapi, na sukari inatoka wapi?

Chukua mlo wa mtu mmoja: slesi 2 zenye uzito wa jumla wa gramu 80 (kalori kama 210), yai 1 (kama 70), maziwa mililita 60 (chini ya 40) na kijiko kimoja cha chai cha mafuta (kama 40). Jumla ni kalori 360 hivi na protini gramu 15, kifungua kinywa cha heshima kabisa ambacho hakitakuacha na njaa saa tatu baadaye.

Sasa mimina juu yake. Kijiko kimoja cha chakula cha shira kina sukari gramu 12 au 13. Cha asali, gramu 17 hivi. Anayemimina kutoka kwenye chupa hufika vijiko 3 au 4 bila kujua, na hapo amekula sukari gramu 40 hadi 60 kabla siku haijaanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Asali haipati msamaha kwa kuwa ni ya asili.

Tunachopendekeza ni matunda. Katakata tunda moja, litie kwenye sufuria na vijiko 2 vya chakula vya maji, uliache kwenye moto mdogo dakika 4 hadi 5 hadi litoe rojo lake. Ndizi iliyoiva sana haihitaji hata moto, ipondeponde kwa uma. Mtindi usio na sukari ukiwekwa chini ya matunda huleta utamu wa siagi bila siagi. Anayetaka shira aipime kwa kijiko, kimoja, mezani.

Nina lehemu nyingi. Niache?

Yai kubwa lina lehemu miligramu 186 hivi, na kwa watu wengi yai moja kwa siku halina tatizo. Kinachopandisha zaidi lehemu mbaya kwenye damu ni mafuta yanayoganda, kama ya siagi: kijiko kimoja cha chakula kina gramu 7 hivi za mafuta hayo, wakati kiasi kilekile cha mafuta ya alizeti hakifiki gramu 2. Kwa hiyo kilicho kikaangoni kina uzito kuliko kilicho kwenye bakuli. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au lehemu nyingi ya kurithi azungumze na daktari wake kuhusu idadi ya mayai. Anaweza pia kutumia yai 1 na ute wa mayai 2. Rangi hupauka kidogo, tosti hushikana vilevile.

Mwenye kisukari anaweza kula?

Anaweza, akizingatia mkate. Slesi zile 2 zina wanga wa gramu 40 hivi, na ukiongeza shira sukari ya damu hupanda kwa kasi. Slesi 1 ya mkate wa ngano nzima pamoja na yai la ziada pembeni na matunda machache ni mpango mzuri zaidi. Usidanganywe na rangi: mkate wa kahawia unaweza kuwa umetiwa rangi tu. Soma orodha ya viambato. Ngano nzima inapaswa kuwa ya kwanza. Pima sukari saa 2 baada ya kula ili ujue mwili wako unavyoupokea mlo huu. Anayetumia insulini ahesabu wanga wa mkate, wa maziwa na wa tunda.

Mdalasini ni kiungo, si dawa ya kisukari. Usiongeze vijiko ukitarajia hivyo: mdalasini wa aina ya kasia una kumarini, ambayo kwa wingi inaweza kudhuru ini.

Mtoto mchanga je?

Kuanzia miezi 6, mtoto aliyekwisha kuanza vyakula vya kutafuna anaweza kupewa, bila sukari wala chumvi, yai likiwa limeiva kabisa, na ikiwa imekatwa vipande virefu vya upana wa kidole ili aweze kushika. Ngano, yai na maziwa vyote huweza kuleta mzio, hivyo mwonjeshe kimoja kimoja siku tofauti kabla ya kumpa tosti yenye vyote vitatu. Vipele, kuvimba midomo, kutapika au kupumua kwa shida baada ya kula vinahitaji msaada wa daktari, na shida ya kupumua ni ya dharura.

Asali ni marufuku kabla ya kutimiza mwaka 1, hata tone, hata iliyopashwa moto. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambazo joto la jikoni haliziui, na utumbo wa mtoto wa umri huo hauna uwezo wa kuzizuia.

Nani atumie nini badala ya yai au maziwa?

Maziwa ya soya au ya shayiri yasiyo na sukari huingia kwa kipimo kilekile. Badala ya yai, koroga vijiko 2 vya chakula vya unga wa dengu na mililita 150 za maziwa ya soya, uache dakika 10, kisha loweka kwa haraka na ukaange hadi harufu ya unga mbichi iishe. Mkate usio na gluteni (protini ya ngano) hubomoka, kwa hiyo uchovye tu, usiuloweke. Kwa mwenye mzio, kikaango na mwiko vioshwe kwanza au viwe vyake peke yake.

Naweza kuandaa usiku, au kuhifadhi zilizobaki?

Mchanganyiko mbichi hukaa kwenye friji ya nyuzi 4 au chini, ukiwa umefunikwa, hadi kesho yake. Mezani usizidi saa 2, na saa 1 kama joto la chumba linazidi nyuzi 32. Uliobaki baada ya kuchovya mkate, mwaga.

Tosti zilizoiva ziache zipoe kidogo, ziingie friji ndani ya saa 2, na zitumike ndani ya siku 3 hadi 4. Za friza zigandishe kwanza zikiwa zimetandazwa ili zisishikane, ndipo uzitie kwenye mfuko wa kuhifadhia chakula. Zitafaa kwa miezi 2 hivi. Kuzipasha tumia oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10, au kibanikio cha mkate, hadi katikati pafike nyuzi 74. Maikrowevu huzipasha haraka, ila hutoka zikiwa zinavutika kama mpira.