Kabla ya kumnunulia mtoto kitabu, kisome kwa sauti

Mimi ni mkutubi hapa Dodoma, na wazazi wanaotaka kuanzisha maktaba ndogo nyumbani huniambia, "Dada, nichagulie vitabu vyenye maadili." Kisha hufunua ukurasa wa mwisho kutafuta funzo. Mimi huwaomba wafunue katikati.

Kwangu kitabu chema ni kile ambacho mtoto wa hadithini anaamua jambo na uamuzi wake una matokeo. Kadanganya kuhusu ndama aliyepotea? Basi tumwone usiku usingizi umegoma, huku baba akitoka na tochi kumtafuta ndama upande asikokwenda. Msomaji wa miaka minane hahitaji kuambiwa zaidi. Lakini ukimrundikia "watoto wazuri husema kweli" kila ukurasa, atakiacha kitabu sebuleni akacheze.

Mazimwi siyakatai. Bibi zetu walitusimulia na tukalala vizuri tu, kwa sababu mwishowe zimwi lilishindwa. Ninachokataa ni kitabu kinachomcheka kipofu, kinachomfanya kila mama wa kambo kuwa katili, au kinachomchora mtu mwenye ualbino kama mzuka. Katika nchi hii watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina. Picha ya namna hiyo haina nafasi kwenye rafu ya mtoto, hata kitabu kikiwa kimechapwa vizuri namna gani.

Halafu lugha. Soma ukurasa mmoja kwa sauti dukani palepale, usione haya. Ukikuta "Juma alikuwa na furaha sana kwamba alicheza", rudisha kitabu. Hakuna anayezungumza hivyo, na mtoto ataiga. Kwa wa darasa la kwanza na la pili, tafuta sentensi fupi, herufi kubwa, na maandishi yasiyopita juu ya picha. Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari humpoteza, maana bado anaunganisha silabi.

Vya kwetu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto na kampuni ya Mkuki na Nyota vyote vilianza 1991, na vimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Mfuko ukibana, African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni, na leseni yao inaruhusu kuzichapa: peleka steshenari, zibanwe pini, umepata kitabu.

Kwa hali ya hewa ya huku, kagua mgongo wa kitabu. Ukavu na joto hukausha gundi hadi kurasa zikachomoka. Kilichoshonwa kwa uzi hudumu. Rafu isigusane na ukuta, na mara kwa mara chungulia nyuma yake, maana mchwa hawabishi hodi. Ngazi ya chini iwe ya mtoto, achukue mwenyewe bila kuomba ruhusa. Vile unavyotaka msome pamoja, vya mazimwi kwa mfano, viweke juu.