Mbu akitua mkononi: maswali kuhusu milango ya ioni kwenye neva za mguso

Mbu ana uzito wa miligramu mbili tatu tu. Neva inamjuaje?

Mguu wake ukigusa unywele, unywele unainama, na shina lake chini ya ngozi linavuta utando wa ncha za neva zilizolizunguka. Kwenye utando huo kuna protini zilizokaa kama milango. Utando ukivutika, mlango unafunguka na ioni zinapita, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme. Huko kupita kwao ndiko kunakowasha habari inayokwenda kwenye ubongo.

Mlango mkuu wa mguso mwepesi unaitwa Piezo2. Familia yake ilijulikana mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian huko California. Mtafiti wa hapo, Bertrand Coste, alikuwa akizima jeni mojamoja kwenye seli, kisha anazibonyeza. Alipofika jeni la 72, seli zikaacha kuitikia. Hilo lilikuwa la Piezo1, na ndugu yake Piezo2 akapatikana kwa kufanana naye. Patapoutian alipata Nobel mwaka 2021, pamoja na David Julius.

Mlango si umeshafunguka? Kuna haja gani ya kujua ioni ipi imepita?

Haja ipo, na ni kubwa. Nje ya seli kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu, na ndani kuna chaji hasi ya kama milivolti 60 au 70. Mlango ukiingiza sodiamu, uhasi unapungua na neva inaamka. Ukitoa potasiamu peke yake, neva inatulia zaidi. Milango ya namna hiyo ipo kweli, kama TREK-1 na TRAAK, ambayo nayo hufunguka ikivutwa lakini kazi yake ni kupoza. Mtu akikwambia tu kwamba amepata mlango unaofunguka kwa kuguswa, bado hajakwambia kama unaamsha au unalaza.

Ioni haionekani hata kwa hadubini. Wanaitambuaje?

Hapa ndipo penye utamu. Seli za neva hutolewa kwenye vifundo vya kando ya uti wa mgongo wa panya, zikawekwa kwenye kisahani. Pipeti ya kioo, ncha yake kama mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), inagusishwa kwenye utando, kisha hewa inanyonywa kidogo mpaka kioo na utando vinashikana bila kuvuja. Ufundi huu uliwapa Erwin Neher na Bert Sakmann Nobel ya mwaka 1991. Fimbo ya pili ya kioo, butu, inabonyeza seli mikroni baada ya mikroni. Ukizidisha, seli inapasuka na unaanza upya.

Mtafiti anaishikilia seli kwenye volti anayoitaka, anabonyeza, anatazama mkondo wa umeme unaingia au unatoka. Anabadili volti hatua kwa hatua hadi pale mkondo unapokatika. Mlango wa sodiamu tupu ungekatika karibu na milivolti +60. Wa potasiamu tupu, karibu na -90. Mlango wa mguso hukatika karibu na sifuri, kana kwamba sodiamu na potasiamu zinapishana humo humo.

Lakini sifuri hudanganya. Kloridi, ambayo ina chaji hasi, ikiwa sawa ndani na nje ya pipeti, nayo hukatika pale pale. Kwa hiyo wanabadilisha maji yenye chumvi yanayoizunguka seli. Wakiondoa sodiamu ya nje na kuweka ioni nene isiyoweza kupenya, sehemu ya kukatika inahama mbali kuelekea upande wa hasi. Wakibadilisha kloridi, haihami. Basi wapitaji ni wenye chaji chanya: sodiamu, potasiamu, magnesiamu, na kalsiamu ikipendelewa kidogo.

Sindano ya ganzi ya daktari wa meno inaziba Piezo2?

Hapana. Lidokaini inaziba milango mingine, ile ya sodiamu inayofunguka kwa volti na kusafirisha habari kwenye neva. Ufizi unaguswa kama kawaida, ila habari haifiki.

Mimi mgonjwa, haya yananihusu nini?

Kuna watu wachache sana waliozaliwa na Piezo2 isiyofanya kazi. Wakifumba macho hawajui mkono wao uko wapi, na kutembea kunawashinda. Ila kwa wengi wetu habari iko sikioni.

Seli za kusikia zina mlango wao unaofunguka kwa kusukumwa, TMC1, nao hupitisha chaji chanya bila kuchagua sana, hadi molekuli kubwa kubwa. Sasa kuna dawa za sindano za kuua bakteria, jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini, na zote zina chaji chanya. Zinapita kwenye mlango uleule wa sauti, zikiingia zinajikusanya ndani, na seli inakufa. Kwa binadamu haioti nyingine. Ndiyo maana baadhi ya waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano walipona mapafu wakabaki viziwi, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena kanamaisini kwa ugonjwa huo.

Ukiwa kwenye dozi ya sindano hizi na masikio yakaanza kuvuma, au kichwa kinazunguka ukisimama, mwambie muuguzi siku hiyohiyo, kabla ya sindano inayofuata. Usikatishe dozi mwenyewe. Omba upimwe usikivu, daktari aamue kupunguza au kubadilisha.