Je, wajua kwa nini kipande cha mfuko huwasha jiko la mkaa upesi, na moshi wake umebeba nini?

Jioni inapoingia katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, jiko la mkaa hutolewa nje ya mlango, mkaa hupangwa, na mkono wa mpishi huanza kutafuta kitu cha kuwashia. Mafuta ya taa yana bei yake, makumbi ya nazi yamelowa mvua ya mchana, na karatasi huwaka ikazimika kabla mkaa haujashika. Ndipo kinapookotwa kifungashio cha sukari au kipande cha mfuko, kikasokotwa, kikawashwa kwa kiberiti na kusukumwa chini ya mkaa. Baada ya muda mfupi mkaa umeshika pembeni, pepeo linaendelea na kazi yake, na moshi mweusi uliopanda mwanzoni umekwisha kusahaulika. Lakini plastiki ndiyo hiyo hiyo tunayoambiwa kila siku kwamba haiozi na ardhi haiiwezi. Inakuwaje basi moto uimudu kwa urahisi kiasi hicho?

Jibu ni kwamba mfuko huo ni jamaa wa damu wa mafuta ya taa. Polithini, ambayo ndiyo plastiki ya mifuko na vifungashio vingi, ina atomu za aina mbili tu, kaboni na hidrojeni, zilizopangwa katika mnyororo mrefu. Atomu hizo hizo, zikiwa katika minyororo mifupi, ndizo tunazozinunua kila siku kwa majina mengine: gesi ya mtungi wa kupikia ina kaboni tatu au nne katika kila molekuli, petroli ina tano hadi kumi na mbili hivi, mafuta ya taa kumi hadi kumi na sita, na nta ya mshumaa ishirini hadi arobaini. Mfuko una maelfu. Kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo molekuli zinavyozidi kung'ang'aniana na kusokotana, na kwa sababu hiyo gesi hugeuka kimiminika, kimiminika hugeuka nta, na nta hugeuka utando mwembamba unaoweza kubeba kilo tatu za mchele bila kupasuka.

Hata historia yake inaonyesha undugu huo. Tarehe 27 Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakiishindilia gesi ya ethilini kwa kani kubwa pamoja na kemikali nyingine, wakitarajia ziungane. Hazikuungana walivyotaka, ila walipofungua chombo walikuta mabaki meupe yanayofanana na nta. Hiyo ndiyo ilikuwa polithini ya kwanza ya aina inayotengenezewa mifuko, na ethilini yenyewe leo hupatikana hasa kutokana na mafuta ghafi na gesi asilia.

Kwa kuwa ni mafuta yaliyogandishwa kwa ufundi, joto lililomo ndani yake nalo ni la mafuta. Kilo moja ya polithini ikiungua hutoa megajuli 43 hadi 46 za joto, sawasawa na kilo moja ya mafuta ya taa, ilhali mkaa mkavu hutoa karibu 30 na karatasi hutoa karibu nusu ya huo mkaa. Karatasi imeachwa nyuma kwa sababu imetokana na mti, na karibu nusu ya uzito wake ni oksijeni ambayo tayari imeungana na kaboni na hidrojeni zake. Ni kama kitu kilichokwisha kuungua nusu kabla hujakichomea kiberiti. Plastiki ya mfuko haina oksijeni hata chembe, kwa hiyo haijaanza kuungua, na nguvu yake yote ingali imehifadhiwa.

Kuna sababu ya pili, ambayo huonekana ukikitazama kipande hicho kwa karibu. Plastiki yenyewe haiwaki. Kwanza hujikunja, kwa kuwa kiwandani ilivutwa ili iwe nyembamba na joto huiruhusu kurejea ilikotoka. Kisha, kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, huyeyuka ikawa uji mzito unaong'aa. Uji huo ukizidi kupata moto, na kukaribia nyuzi 400, minyororo yake mirefu hukatikakatika vipande vya urefu wa petroli na mafuta ya taa, vipande hivyo hupaa kama mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Tone linapodondoka huku likiwaka, likitoa ile sauti ya vup-vup inayojulikana na kila aliyewahi kuwasha jiko kwa njia hii, huangukia juu ya mkaa, na mkaa una vitundu visivyohesabika. Vitundu hivyo hulinyonya tone, na kipande cha mkaa kikawa utambi wa taa inayojiwakia yenyewe mpaka mkaa nao ushike. Karatasi haina uji wa kumpa mkaa. Huacha majivu mepesi yanayopeperuka.

Hapa ndipo penye taabu, kwa maana jiko la mkaa halikutengenezwa kuchoma mafuta. Ili gramu 5 za polithini, yaani mfuko mmoja mdogo, ziungue zote na kubaki hewa ya ukaa na mvuke wa maji tu, zinahitaji zaidi ya lita 60 za hewa, ambazo zingejaza madumu matatu ya lita 20. Hewa hiyo yote inatakiwa iufikie mwali na kuchanganyika barabara na mvuke wa plastiki katika muda usiofika dakika moja, ndani ya jiko lenye kimlango kidogo chini na pengine sufuria tayari juu. Haiwezekani. Gesi ya mtungi, ambayo ni ndugu yake wa karibu, huwaka kwa mwali wa buluu kwa sababu jiko lake huichanganya na hewa kabla haijafika kwenye moto. Mwali wa plastiki ni wa njano, na ule unjano ni chembechembe za kaboni zilizokosa hewa, zikapata joto zikang'aa kama vijinga vidogo. Zikitoka katika mwali na kupoa huwa nyeusi, zikagandamana chini ya sufuria, nasi tukaziita masizi.

Masizi yaliyogandamana kwenye sufuria yana nafuu, kwa sababu yanasugulika. Yale yasiyoonekana, ambayo ni madogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, hubaki hewani na kuvutwa hadi mwisho wa mapafu, tena hayaingii peke yake. Pamoja nayo huja kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hukamata mahali pa oksijeni katika damu, na huja pia jamii ya kemikali zinazozaliwa kaboni zilizokosa hewa zinapojikunja na kuwa pete zilizoshikana. Mojawapo, benzopirini, imewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ni haki kusema kwamba moshi wa kuni nao unazo kemikali hizi. Shirika hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaotokana na kuni, mkaa, mafuta ya taa na vinginevyo ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Plastiki inaongezwa juu ya mzigo ambao tayari upo, na anayeubeba ni yule aliyeinama kupuliza moto, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Mpaka hapa nimezungumzia plastiki iliyo safi kuliko zote. Laiti zote zingekuwa kaboni na hidrojeni tu, tungekuwa tunazungumzia masizi na hewa haba. Lakini neno plastiki limekusanya vitu visivyo na asili moja, na lugha yetu ya kila siku inazidi kuvichanganya, kwa kuwa watu wengi huita utando wowote laini nailoni, hali ya kuwa nailoni halisi, ile ya nyuzi za nyavu na kamba, ina naitrojeni ndani yake na ikiungua vibaya huweza kutoa sumu ya sianidi. Sponji ya godoro ni hivyo hivyo. Mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya rambo kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile yenye sura ya kitambaa, wengi huichoma wakidhani ni pamba, kumbe mingi ni polipropilini, plastiki iliyo jirani kabisa na polithini.

Ya kuogopwa kuliko zote jikoni ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji, ya ganda la waya za umeme, ya vitambaa vya meza vinavyofutika kwa maji na ya baadhi ya gambuti. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC halisi, asilimia 57 hivi, ni klorini. Ikipata moto, klorini hiyo hutoka ikiwa imeungana na hidrojeni, na ikikutana na unyevu wa macho na koo huwa asidi ya hidrokloriki. Ndiyo sababu moshi wake huwasha na kukaba mara moja. Klorini kidogo inayobaki katika moshi, unapopoa kati ya nyuzi 400 na 200 hivi, hukutana na masizi na kuunda dioksini, jamii ya sumu kali, na shaba huuchochea mchakato huo. Kwa hiyo kuchoma waya ili kupata shaba ya kuuza kwa kilo ni kama kuanzisha kiwanda kidogo cha dioksini, kwa kuwa plastiki yenye klorini, masizi na shaba vyote vimewekwa katika moto mmoja.

Dioksini haina haja ya kuwa nyingi ili idhuru. Huyeyuka katika mafuta ya mwili, haitoki kwa urahisi, na katika mwili wa binadamu nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa kijiji cha Tropodo, Java Mashariki nchini Indonesia, ambako viwanda vidogo vya kupika tofu, chakula cha maharage ya soya, vilikuwa vikitumia taka za plastiki badala ya kuni, nyingi zikiwa zimeingia nchini zikiwa zimechanganywa na karatasi chakavu kutoka nchi tajiri. Mwaka 2019 wachunguzi walipima mayai ya kuku waliokuwa wakichakura kuzunguka viwanda hivyo, wakakuta kiwango cha dioksini ambacho katika bara lote la Asia kilikuwa kimepitwa tu na cha mayai ya Bien Hoa, Vietnam, mahali palipokuwa ghala la sumu ya kuulia majani ya jeshi la Marekani wakati wa vita. Kuku hawakula plastiki. Walidonoa udongo ulioangukiwa na moshi na majivu.

Huenda msomaji akauliza kama si afadhali kuichoma kuliko kuiacha izibe mitaro na kumezwa na ng'ombe. Ni swali la haki, na jibu linategemea inachomewa wapi. Sheria za Ulaya zinataka gesi za tanuri la taka zikae katika nyuzi 850 kwa muda usiopungua sekunde mbili, na nyuzi 1,100 ikiwa taka ni za hatari na zina klorini zaidi ya asilimia moja, kisha moshi upozwe upesi na kuchujwa kabla haujaachiwa. Mwali wa jiko hugonga tako la sufuria yenye maji na kupoa papo hapo, na shimo la taka la uani lina moshi mwingi kuliko moto. Kati ya kuifukia plastiki na kuichomea uani, ningeifukia.

Kwa kuwashia jiko, vitu vya zamani bado vinafaa, mradi viwekwe pakavu mapema: makumbi ya nazi, magunzi ya mahindi, maranda kutoka kwa fundi seremala, au kipande cha karatasi kilichopakwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia, ambacho huchelewa kuzimika kwa sababu mafuta hayo nayo yana minyororo mirefu ya kaboni na karatasi imekuwa utambi wake. Na palipo na ujirani mwema, kuna kupalia moto kwa nyumba ya pili.

Limebaki jambo la majivu, ambalo huwa halitajwi. Majivu ya mkaa mtupu tunayasugulia sufuria na kuyamwaga kwenye tuta la mchicha, na hakuna ubaya. Lakini baadhi ya plastiki za rangi kali, hasa njano na nyekundu, na baadhi ya PVC za zamani zilitiwa risasi kiwandani, yaani ile metali nzito iitwayo pia ledi, na risasi haiungui. Moto huiondolea plastiki tu, yenyewe ikapanda na moshi au ikabaki chini. Jiko lililowashwa kwa plastiki za namna hiyo, majivu yake yasiguse sufuria wala mboga, na yafukiwe mbali na mahali wanapochezea watoto na wanapochakura kuku.