Kiwanja cha mlimani: pima udongo kabla ya kuuchimba

Bukavu, ukinunua kiwanja, mara nyingi umenunua mteremko. Kadutu, Bagira, hata sehemu nyingi za Ibanda, tunajenga mlimani. Wengi huchimba kuingia mlimani mpaka wafike usawa wa njia, halafu udongo wote wanaumwaga bondeni. Mimi kazi yangu ni uhandisi wa udongo, na jambo hilo linaniuma: mvua za Septemba zikirudi, udongo ule unateremka hadi mlangoni kwa jirani.

Tuhesabu. Kiwanja kina upana wa mita 10, na urefu wa mita 12 kuelekea juu; nyuma kumeinuka kuliko mbele kwa mita 2.4. Ukikichimba chote hadi usawa wa mbele, unatoa mita za ujazo 144. Ukichagua usawa wa katikati, ukakata nusu ya juu na kujazia nusu ya chini, unachimba 36 tu. Ukikigawa ngazi mbili za mita 6 kila moja, kila ngazi ukiikata na kuijazia vivyo hivyo, zinabaki 18. Tena udongo wa mfinyanzi ukichimbwa huvimba kwa karibu robo: zile 144 zinakuwa 180, yaani safari 3,000 za toroli ya lita 60. Na vijana wa toroli wanataka kulipwa.

Usawa wenyewe hauhitaji mashine. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, usiokuwa na mapovu, unatosha: maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja.

Kujaza ndiko kunakoharibu nyumba nyingi. Ondoa kwanza majani na udongo mweusi wa juu, uuweke kando kwa bustani. Ukiufukia, mizizi itaoza na ardhi itatitia. Kata vingazi kwenye mteremko wa zamani ili udongo mpya ushike, usiteleze. Kisha jaza tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila moja kabla ya kuongeza nyingine. Finya udongo kiganjani: ukishikamana bila kuchafua mkono kwa tope, unyevu unafaa. Ukimwagika kama unga, nyunyizia maji. Ukishindiliwa vema, hujaza nafasi ndogo kuliko ile uliyotoka, basi shusha usawa wako kidogo, usije ukapungukiwa.

Hata hivyo, hesabu ikilingana, nyumba isikae nusu kwenye ardhi iliyokatwa, nusu kwenye iliyojazwa. Upande uliojazwa utashuka, na ufa utapita katikati ya sebule. Ushauri wangu: nyumba ikae palipokatwa, pa kujazwa pawe ua. Nafasi ikikosekana, msingi uteremke upite udongo uliojazwa mpaka ardhi ngumu ya asili.

Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo uliokatwa, chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni. Ukuta wa mawe unaozuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, maana maji yakijikusanya nyuma yake yanausukuma mpaka unalala. Anza kuchimba Juni, ili mfereji na ukuta viwe tayari kabla ya Septemba.