Mtoto Anaendesha, na Wewe Unamnyima Maji?

Maji tunayokunywa Nairobi yanatoka wapi?
Mengi yanatoka Murang'a. Vijito kama Kayuyu na Githika vinashuka kutoka msitu wa Aberdare vinaingia Bwawa la Ndakaini, halafu maji yanapelekwa Ng'ethu kutibiwa: tope linazamishwa kwa dawa inayoitwa alam, yanachujwa, yanatiwa klorini.

Si basi yako safi, nichemshe ya nini?
Yakitoka Ng'ethu yako safi, lakini wewe hunywi ukiwa Ng'ethu. Maji yakikatwa paipu inabaki bila presha, na ile ya plastiki iliyopitishwa kwa mtaro wa sewa ikiwa na ufa inavuta uchafu, siku yakirudi unakinga na mtungi wenye utelezi wa kijani ndani. Chemsha yatokote. Na huo mtungi usugue, tafadhali.

Na huko kuendesha kunakoletwa na maji machafu ni nini?
Choo cha maji mara tatu ama zaidi kwa siku.

Nimnyime maji kidogo ndio tumbo likauke?
Hapana! Hili tunaliona kila mvua ikinyesha, mtoto analetwa macho yameingia ndani, analia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, na mama anasema nilimwachisha hata titi. Kinachoua ni kuishiwa na maji na chumvi. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti, kila akiendesha, ukoroge kwa maji safi kwa kipimo cha pakiti, usikadirie. Akitapika ngoja dakika 10 uanze tena kijiko kwa kijiko. Titi aendelee, uji aendelee.

Lakini nikimpa maji si anaendesha zaidi?
Hapana, jamani. Choo kitatoka tu, unywe usinywe. Mpe.

Nimnunulie vidonge vya kufunga tumbo kwa kemisti nione kesho?
Hapana. Dawa za kufunga tumbo si za watoto, na antibiotiki zilizobaki za jirani pia wacha. Anahitaji ORS na zinki siku 10 hadi 14, ambayo watu huacha tu choo kikishikana. Malizeni.

Nimpeleke hospitali lini?
Akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, asipokojoa, ama choo kikiwa na damu. Choo kikiwa kama maji ya mchele inaweza kuwa kipindupindu, na hiyo inaua hata mtu mzima kwa masaa machache, kwa hivyo usingoje kesho, usingoje baba arudi kutoka kazini. Toka sasa, na huko kwa matatu uendelee kumpa ORS.