Besi "orijino": si feki, sawa, lakini imeguswa au haijaguswa?

Matangazo ya magitaa ya besi ya zamani siku hizi hayakosi neno orijino, tena kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Ukimpigia muuzaji kumuuliza kama rangi ni ya kiwandani au imerudiwa, anakujibu, "Kaka, nishakwambia ni orijino, Fender yenyewe hii." Hapo amejibu swali ambalo hukuuliza, yaani kama kweli imetengenezwa na Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, na bei yake ameipanga kwa kufuata jibu hilo.

Maana tuimalize haraka. Kwa wanaonunua na kuuza magitaa makongwe, besi ni orijino ikiwa shingo, bodi, rangi, pikapu (kinasa mlio wa nyuzi), poti (kidhibiti cha kuzungusha sauti), funguo za kukazia nyuzi, briji (inayoshika nyuzi kwenye bodi) na kava (bamba la usoni mwa bodi) ni vilevile ilivyotoka navyo kiwandani. Vinteji ni habari ya umri na zama. Halisi maana yake imetengenezwa kweli na kampuni iliyoandikwa kichwani. Kwa hiyo besi inaweza kuwa halisi, ikawa vinteji, na isiwe orijino. Nyingi zilizopigwa kazini ziko hivyo.

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Mtaani kwetu kinyume cha orijino ni feki. Ukienda kununua chaja, kiatu au spea ya pikipiki, swali ni hilo moja tu, na orijino ikitajwa mazungumzo yameisha. Kwenye besi kongwe kinyume chake ni kilichobadilishwa. Wauza magari ya mtumba hawasumbuki na jambo hili hata kidogo: wanaandika "rangi ya kiwandani, injini haijafunguliwa," na hakuna mteja anayedhani kwamba gari lililopigwa rangi upya limeacha kuwa Toyota.

Mfano mzuri ni besi ya Kijerumani, Höfner 500/1, ya Paul McCartney wa The Beatles, ile aliyoinunua Hamburg mwaka 1961. Mwaka 1964 ilipigwa rangi upya na pikapu zake zikafungwa upya kwa namna nyingine. Mwaka 1972 ikaibwa London, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana. Uhalisi wake haubishaniwi, na huenda hakuna besi duniani inayotamanika kuliko hiyo. Lakini mwenye kutumia neno kwa maana yake hawezi kuiita orijino kwa asilimia mia, maana rangi iliyotoka nayo kiwandani iliondoka miaka minane kabla ya mwizi kuigusa. Thamani yake inatokana na mikono iliyoipiga. Besi yako na yangu hazina bahati hiyo, kwa hiyo sisi rangi inatuhusu.

Na inatuhusu sana. Kwa besi za Fender za miaka ya 1950 na 1960, wafanyabiashara wengi hukata karibu nusu ya bei rangi ikiwa imerudiwa, hata kama iliyorudiwa ni nzuri kuliko ya kwanza. Vanishi ya zama hizo, ya nitroselulosi, huwa nyembamba, hukauka, hupasuka mipasuko midogo kama nywele na kuchubuka pale mkono unapoegemea. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Fender walihamia kwenye polyesta, ambayo ni nene na ngumu. Mtu akikuletea Precision, moja ya aina za besi za Fender, anayosema ni ya 1963, bodi inang'aa kama sahani mpya na ukiigonga kwa ukucha inalia kama plastiki, usimwite mwongo. Muulize nani aliipiga rangi.

Sasa twende kwenye kero yenyewe: mwaka. Watu husema "hii ni ya 1964" kana kwamba besi ina cheti cha kuzaliwa. Haina. Ina vipande, na kila kipande kina tarehe yake. Namba ya bamba la nyuma, pale skrubu nne zinaposhika shingo, ndiyo inayoaminiwa na wengi na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mabamba hayakufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba zake. Tena bamba ni kipande cha chuma chenye skrubu nne. Linahamishika kwa dakika tano. Tarehe ya maana zaidi iko kwenye kisigino cha shingo, yaani mwisho wake unaoingia kwenye bodi, na huioni mpaka uitoe. Zamani waliiandika kwa penseli, kisha kuanzia 1962 wakaanza kugonga muhuri. Muhuri wenyewe unaweza kusomeka hivi: 7 MAR 64 A.

Hapo ndipo watu hupotea. Wanasoma "tarehe 7 Machi 1964" na kuandika hivyo kwenye tangazo, wengine hadi wanaifanyia besi sherehe ya kuzaliwa. Ile 7 si siku. Ni namba ya aina ya shingo: 7 ni Jazz Bass, aina nyingine ya besi za Fender, 5 ni Precision. Herufi ya mwisho nayo ni upana wa shingo kule juu kwenye nati, kile kipau nyuzi zinapopita kuelekea kichwani. A ni inchi moja na nusu, ambayo ndiyo kawaida ya Jazz Bass, na C ni inchi moja na robo tatu. Kwa hiyo muhuri unakwambia mwezi na mwaka, tena wa shingo, si wa besi nzima. Shingo ingeweza kukaa kwenye rafu miezi kadhaa kabla haijakutana na bodi.

Kisha fungua kava utazame poti kwa nyuma. Ukikuta 304-6340, tatu za mwanzo ni mtengenezaji, yaani Stackpole (137 ni CTS), 63 ni mwaka, 40 ni wiki. Poti ya mwishoni mwa 1963 ndani ya besi yenye shingo ya Machi 1964 inaingia akilini. Poti ya 1966 ndani ya besi hiyohiyo inamaanisha kuna fundi alipita hapo na lehemu. Hata hilo lina mitego yake, maana poti za 1966 Fender walikuwa nazo nyingi na zinakutwa kwenye magitaa ya miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana hakuna tarehe moja inayotosha peke yake. Zote zikikubaliana, na lehemu ikiwa bado ile ya kwanza, hapo neno orijino linaanza kuwa na uzito.

Kuna na hawa wanaojisifu kwamba shingo "haijawahi kutolewa tangu kiwandani." Kwenye Fender za wakati huo nati ya skrubu ya kukazia chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipinde, iko upande wa kisigino. Kawaida ya kuirekebisha ni kulegeza skrubu nne, kuinua shingo, kuzungusha kidogo, kurudisha na kusikiliza. Besi ya miaka sitini ambayo shingo haijatoka hata mara moja ni besi ambayo pengine haikupata matunzo. Sioni cha kujisifia hapo.

Nyuzi ndizo ubishi wake unachekesha. Nyuzi hazihesabiwi, ni kitu cha kuisha kama mafuta ya breki. Lakini kuna ukweli nyuma ya wanaozing'ang'ania. Fender za miaka ile zilitoka kiwandani na nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza kidole. James Jamerson, ambaye besi yake iko kwenye rekodi nyingi za lebo ya Motown kule Detroit, alipiga Precision ya 1962 na nyuzi bapa nene za La Bella, na hakuzibadilisha mpaka ikatike moja. Mambo yalibadilika mwaka 1966, Rotosound wa Uingereza walipotengeneza nyuzi za mviringo wakishirikiana na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who. Zikaleta mlio mkali kama wa piano. Zilileta na msasa: nyuzi za mviringo hula freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, na kwenye shingo isiyo na freti hula ubao wenyewe. Kwa hiyo fundi akikushauri urudishe nyuzi bapa kwenye besi kongwe, anazionea huruma freti. Usiandike kwenye tangazo "imerudishiwa uorijino" kwa sababu umefunga pakiti mpya ya nyuzi bapa.

Freti zenyewe zina hukumu yake tofauti. Kubadilisha freti zilizolika ni kosa dogo, na mpigaji atakulipa vizuri zaidi kwa freti nzuri kuliko mabonde ya 1965. Pikapu iliyosokotwa upya ni kosa la kati: sumaku na kiunzi ni vya kale, waya ni mpya, na mlio unategemea mkono wa aliyesokota. Tundu jipya kwenye bodi ndilo lisilosameheka. Pikapu ya pili iliyochimbiwa kwenye Precision mwaka 1978 na mtu aliyetaka sauti ya Jazz Bass haitazibika isionekane, hata ukitumia mti uleule.

Ukanda wetu wa pwani una shida yake ya ziada. Hewa ya chumvi hula skrubu za briji mpaka zinang'ang'ania na haziinuki tena, na mpira chini ya pikapu unageuka unga. Besi zilizopigwa na bendi za hapa nyumbani ziliishi hivyo, nyingi zikiwa mali ya taasisi iliyoimiliki bendi, na fundi alifunga alichokipata: funguo ya gitaa jingine, poti ya redio, waya wa spika. Sioni aibu hapo, kwa sababu kazi ilifanyika na watu walicheza. Leo lakini tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Ukitoa skrubu iliyooza, poti iliyokufa au kava iliyosinyaa na kupasuka kwenye matundu yake, usitupe. Weka kwenye bahasha, bahasha ndani ya kesi. Besi yenye spea mpya na bahasha ya vitu vyake vya zamani inauzika kwa heshima kuliko ile ambayo mwenyewe ameapa haijaguswa.

Toleo la marudio nalo halina budi kutajwa. Mwaka 1982 Fender walianza kutoa upya mifano yao ya zamani, Marekani na Japani, zikiwemo besi za mtindo wa 1957 na 1962. Ni besi nzuri sana, na zenyewe sasa zimepita miaka arobaini, kwa hiyo ukiiita vinteji sikukatalii. Inaweza hata kuwa orijino kabisa, kila skrubu mahali pake. Lakini ni orijino ya 1982. Hali kadhalika zile zinazozeeshwa kwa makusudi kiwandani, zenye mikwaruzo ya kununua. Fender waliziingiza sokoni katikati ya miaka ya 1990, na michubuko yake ni ya kiwandani kwa maana kamili ya neno, jambo ambalo bado hunichekesha.

Kwa hiyo ndugu muuzaji, hakuna anayekushuku. Besi yako ni Fender, tumekubali. Badala ya ORIJINO!!! andika: "Precision, shingo ya 1966, rangi imerudiwa, funguo mbili si zake, pikapu haijaguswa, freti mpya." Halafu weka picha ya poti kwa nyuma.