Kampuni Mama Inapoongeza Ukomo wa Mkopo wa Kampuni Tanzu Iliyo Ng'ambo: Yanayosemwa na Yalivyo

Tangazo lenyewe huwa fupi. Bodi ya wakurugenzi imeridhia kuongeza ukomo wa mkopo wa benki kwa kampuni tanzu iliyo ng'ambo, yaani kampuni inayomilikiwa na kampuni mama, kutoka kiasi hiki hadi kile, kwa dhamana ya kampuni mama. Basi. Kabla siku haijaisha utasikia kampuni imezama kwenye madeni, na mwingine atakwambia inapanuka, kanunue hisa. Wengi wanaosema hayo hawajauliza swali la kwanza: nani ametia saini, na ametia saini karatasi gani?

"Kampuni imekopa mamilioni"

Bado haijakopa. Ukomo ni kiasi ambacho benki imekubali mteja asikivuke. Deni ni kile kilichokwisha kuchotwa. Kampuni tanzu yenye ukomo wa dola milioni 10 ambayo imechota milioni 3 inadaiwa milioni 3, na hizo ndizo zitakazoonekana kama deni kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni yake. Milioni 7 zilizobaki hazimo. Ukizitaka, zitafute kwenye maelezo yanayoambatana na hesabu, kwa kuwa kanuni ya kimataifa ya IAS 7 inazihimiza kampuni kueleza zina mikopo kiasi gani ambayo hazijaigusa.

Tena si kila shilingi ya ukomo hutoka kama fedha taslimu. Sehemu nzuri inaweza kwenda kwenye barua za mkopo za kuagizia bidhaa (ahadi ya benki kumlipa muuzaji), dhamana za zabuni, au mikataba ya kununua fedha za kigeni kwa bei iliyofungwa mapema. Vyote hivyo hula ukomo bila senti kuingia kwenye akaunti. Na usidhani kisichochotwa ni cha bure: benki iliyojifunga kukopesha hutoza ada kwenye salio hilo, maana nayo inalazimika kutenga mtaji kwa ajili yake.

"Hilo ni deni la kampuni tanzu, mama hahusiki"

Anayesema hivi ana sheria upande wake, ila nusu tu. Tangu hukumu ya Salomon ya mwaka 1897 nchini Uingereza, kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, na madeni yake si ya wenye hisa. Sheria za nchi nyingi zinafuata msimamo huo. Benki inalijua hili kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu haifungui mfuko kabla ya kumwendea mama. Kampuni tanzu iliyofika juzi katika nchi haina historia ya kulipa, mali zake ni chache, na faida yake huenda bado iko kwenye makadirio. Anayekopesheka hasa ni mama.

Mama anaweza kusimama nyuma ya mtoto kwa njia tatu, na tofauti zake ni kubwa mno. Ya kwanza ni dhamana: mtoto asipolipa, mama analipa. Ya pili ni ahadi ya benki ya mama kwa benki ya mtoto, kwamba ikiletewa hati zilizokubaliwa italipa bila kuingia kwenye mabishano ya nani kakosea. Ya tatu ni barua ya faraja, ambayo mama anaiandikia benki kuituliza badala ya kutoa dhamana, na hii ndiyo iliyowaponza wengi.

Miaka ya 1980 Malaysia Mining Corporation ilikuwa na kampuni tanzu mjini London, MMC Metals, iliyofanya biashara ya madini ya bati. Benki ya Kleinwort Benson iliombwa mkopo kwa ajili ya kampuni hiyo. Benki ikataka dhamana ya mama. Mama akakataa, akajitolea kuandika barua ya faraja. Benki ikakubali, kwa bei ya juu zaidi. Baadaye ukomo ukaongezwa hadi pauni milioni 10, na barua nyingine ikaandikwa. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: ni sera yetu kuhakikisha kwamba biashara ya MMC Metals wakati wote ina uwezo wa kulipa inachodaiwa nanyi.

Isome tena taratibu. Oktoba 1985 soko la bati likaanguka, MMC Metals ikafilisika, na benki ikamgeukia mama na barua mkononi. Mahakama Kuu iliipa benki ushindi. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza: barua ile ilieleza sera ya kampuni siku ilipoandikwa, haikuahidi kwamba sera hiyo haitabadilika kesho. "Ni sera yetu" si "tunaahidi". Benki ikabaki na karatasi.

Mimi kila nikisoma tangazo linalosema kampuni mama "inaiunga mkono" tanzu yake, bila neno dhamana, kisa hiki hunijia. Kwa mwanahisa wa mama, barua ya namna ile ni afadhali kuliko dhamana. Kwa benki ni kinyume chake. Na maneno yenyewe ndiyo yanayoamua, kwa hiyo isidhaniwe kwamba kila barua ya faraja ni bure. Ikiandikwa kwa lugha ya ahadi, mahakama inaweza kuisoma kama ahadi.

"Dhamana ilishawekwa, ukomo unaongezwa tu"

Neno "tu" hapo lina hatari. Katika sheria inayofuata mkondo wa Kiingereza, mdhamini alikubali kubeba mzigo fulani, na mkopeshaji na mkopaji wakiubadilisha mkataba bila ridhaa yake, anaweza kuwa huru kabisa. Hukumu inayotajwa sana ni Holme dhidi ya Brunskill, ya miaka ya 1870. Brunskill alikuwa amedhamini kwamba mpangaji wa shamba atalirudisha na kundi la kondoo likiwa katika hali nzuri. Mwenye shamba na mpangaji wakapatana kuliondoa shamba dogo moja kwenye upangaji na kupunguza kodi. Brunskill hakuulizwa. Kondoo walipopungua, akadaiwa, na mahakama ikasema hadaiwi kitu. Ikiwa kipande cha malisho kilitosha kuivunja dhamana, fikiria ukomo uliopanda maradufu.

Ndiyo maana mikataba ya dhamana ya siku hizi imejaa vifungu vya kumbana mdhamini hata masharti yakibadilika, na hata hivyo mawakili wa benki huomba saini mpya kila ukomo unapopanda. Bodi ya mama haikai kwa ajili ya mapambo. Inakubali mzigo mpya, na ndicho kinachotangazwa.

"Kampuni tanzu inayoomba nyongeza imekwama"

Yaweza kuwa hivyo. Mara nyingi zaidi, ninavyoona, inakua. Chukua kampuni inayonunua bidhaa na kumlipa msambazaji baada ya siku 30, huku wateja wake wakilipa baada ya siku 90. Katikati kuna miezi miwili ambayo fedha imetoka na haijarudi. Bidhaa zikiigharimu dola milioni 1 kwa mwezi, pengo ni milioni 2. Mauzo yakiongezeka maradufu, pengo linakuwa milioni 4, na mwenye biashara anaweza kuwa anapata faida nzuri kwenye vitabu huku mishahara ya mwisho wa mwezi ikimkosesha usingizi. Mauzo yanayokua hula fedha kabla ya kuizaa.

Jinsi ya kutofautisha ni kulinganisha. Mauzo yamepanda asilimia 40 na mkopo uliochotwa nao umepanda kiasi kama hicho: ni biashara. Mauzo yamesimama, mkopo unapanda, na madeni ya wateja yanazidi kuchelewa: hapo uliza maswali makali. Ukomo ulioongezwa mara tatu ndani ya mwaka bila mauzo kusogea ni hasara inayofadhiliwa.

"Ukomo ukishaidhinishwa, fedha ipo"

Kuna ukomo ambao benki imejifunga nao kwa mkataba, na kuna ule inaoweza kuufuta wakati wowote kwa barua. Katika tangazo vyote viwili huitwa ukomo. Benki zenyewe hazivichanganyi: kanuni za kimataifa za mtaji wa benki, Basel III, zilizokamilishwa mwaka 2017 katika kupima mtaji wa kutenga zinahesabu asilimia 40 ya ahadi ya kawaida ambayo haijachotwa, lakini asilimia 10 tu ya ile inayoweza kufutwa muda wowote bila masharti. Ukomo wa namna ya pili ni rahisi kuupata, na hupotea siku ile unapouhitaji zaidi.

Hata ule wa mkataba una masharti yake, kama uwiano wa deni kwa faida, na ukivunja moja mlango unaweza kufungwa. Machi 2020, janga la Korona lilipoanza kusambaa, kampuni kubwa duniani zilikimbilia kuchota kabla hali haijawa mbaya zaidi. Ford peke yake ilitangaza kuchota dola bilioni 15.4 kutoka mikataba miwili. Kama ukomo ungekuwa sawa na fedha mkononi, pasingekuwa na haja ya kukimbia.

"Bora tanzu ikope dola, riba yake ni ndogo"

Tuhesabu. Fedha ya huko inabadilishwa 100 kwa dola moja. Tanzu inakopa dola milioni 1 kwa riba ya asilimia 5, badala ya milioni 100 za huko kwa asilimia 14. Mapato yake yote ni ya fedha ya huko. Mwaka unapoisha dola moja imefika 125. Deni la dola 1,050,000 sasa linahitaji milioni 131.25. Mkopo wa fedha ya huko ungemalizwa kwa milioni 114. Riba "ndogo" imegeuka zaidi ya asilimia 31, na mdhamini wake ni yule yule mama.

Kwa tanzu inayouza nje na kulipwa kwa dola, hesabu inageuka, na mkopo wa dola unaweza kuwa ndio salama. Swali ni mapato yanaingia kwa fedha gani.

"Ni familia moja, dhamana haina gharama"

Mamlaka za kodi haziamini udugu wa namna hiyo. Mama akimdhamini mtoto aliye nchi nyingine, mtoto anapata riba nafuu, na faida hiyo ina thamani inayopaswa kulipiwa kama baina ya watu wasiojuana. Asipotoza, nchi ya mama inaweza kudai kodi kwenye ada ambayo hakuipokea. Akitoza nyingi, nchi ya mtoto itasema anahamisha faida.

General Electric Capital Canada ilimlipa mama yake wa Marekani ada ya asilimia 1 ya madeni yake kwa kuyadhamini kati ya 1996 na 2000. Mamlaka ya kodi ya Kanada ikakataa kuitambua gharama hiyo, ikidai kwamba wakopeshaji wangemwamini mtoto hata bila karatasi, kwa kuwa kila mtu alijua mama asingemwacha aanguke. Mahakama ya Kodi mwaka 2009 ilikubali kwamba imani hiyo ina uzito, kisha ikaona kwamba hata baada ya kuihesabu, dhamana iliyoandikwa ilikuwa na thamani zaidi ya asilimia 1. Kampuni ikashinda, na rufaa ya mwaka 2010 haikubadili kitu.

"Tukiiuza tanzu, dhamana inakwisha"

Haikwishi. Hisa zinabadili mwenyewe, dhamana inabaki palepale kwa jina la mama wa zamani mpaka benki imwachilie kwa maandishi. Mnunuzi hana haraka ya kuweka yake. Kwa hiyo anayeuza hudai, kabla ya kukabidhi funguo, ile barua ya benki ya kumwondoa kwenye dhamana, na hakubali ahadi ya "tutaileta wiki ijayo".